Kile kifuniko kwenye njia ya hewa ni cha nini?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimepata Detroit 6-71 ya zamani, ile dizeli ya mipigo miwili, naifungua taratibu nijifunze. Juu ya blowa, ile pampu ya kusukuma hewa, nimekuta kifuniko cha chuma chenye springi, rafiki yangu anasema hiyo ndo throto, ukikanyaga pedeli inafunguka. Mbona mi sioni ilipoungana na pedeli? Na hiyo blowa ni ya kuongeza nguvu tu?

JIBU: Nzuri ndugu. Uko sahihi, ila rafiki yako usimcheke, amezoea petroli huyo. Dizeli hiyo haina throto kabisa, yaani mlango wa kupimia hewa. Pedeli inaongea na gavana, kile kifaa cha kudhibiti spidi, gavana anapunguza au kuongeza mafuta kwenye injekta zinazoyapuliza ndani ya silinda, basi. Hewa haipimwi, blowa inazungushwa na gia za injini, karibu mara mbili ya spidi ya injini, kwa hiyo inasukuma kadiri injini inavyokimbia.

Na wala sio ya kuongeza nguvu. Injini ya mipigo minne pistoni ikishuka inavuta hewa yenyewe, sasa hii ya miwili huo mpigo wa kuvuta haina, lazima isukumiwe. Pistoni ikikaribia chini valvu za ekzosi kule kichwani zinatangulia kufunguka, moshi unatoka kwa presha yake, ndo pistoni inafunua matundu yaliyozunguka laina (ukuta wa silinda) na hewa safi inapanda toka chini ikiufukuza moshi uliobaki. Angalia hayo matundu vizuri, yametobolewa kwa kuinama ili hewa iingie ikizunguka. Yaani mlango wa hewa ni pistoni yenyewe. General Motors, waliotengeneza hiyo Detroit, walianza nayo 1938, na hata walipokuja kuiwekea turbo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi, blowa hawakuitoa, maana wakati wa kuwasha turbo inakuwa bado haijapata moshi wa kuizungusha.

Sasa hicho kifuniko ni cha dharura. Sili za blowa, zile za kuzuia oili isipite, zikichoka, oili inapita na hewa inaingia kwenye silinda, injini inaichoma kama mafuta, inapanda spidi yenyewe, we unazima mafuta na yenyewe wala haijali. Hapo dawa ni kuinyima hewa tu. Lakini usikifanye cha kuzimia kila siku! Kikifunga wakati blowa bado inazunguka, blowa inavuta pasipo hewa, matokeo yake inanyonya oili kupitia sili zilezile, unajitengenezea ugonjwa unaoukimbia.

Kabla hujaiwasha kivute kwa mkono uone kama kinafunga mpaka mwisho, nyingi za zamani utakuta kimeganda kwa kutu au mtu alishakitoa zamani. Siku ya kuwasha weka mtu na kipande cha mbao kinachoziba mdomo wote wa hewa. Mbao, sio kiganja wala kitambaa, kitambaa kinamezwa hicho.