Nimwachie dada dozi gani ya Panadol kwa ajili ya paka?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Tarehe 20 Desemba tunakwenda Moshi kula Krismasi, tutarudi tarehe 3 Januari. Paka wetu, jike wa miaka 4, anabaki Tabata na dada wa kazi. Mwaka jana fataki za mkesha wa mwaka mpya zilimtia hofu, akajichimbia uvunguni kutwa nzima bila kula, na nilipomshika alikuwa wa moto. Jirani akasema nimpe nusu kidonge cha Panadol kwenye maziwa. Sikumpa, maana sikuwa na uhakika wa dozi. Safari hii nimwachie dada dozi gani?

JIBU: Mama, usimwachie hata chembe. Swali hili napokea kila Desemba, na kila Januari naletewa paka ambao wenyewe hawakuuliza.

Nusu kidonge ni miligramu 250. Paka wengi wa kwetu wana kilo 3 au 4, na parasetamo, yaani dawa yenyewe iliyomo kwenye Panadol, imeshadhuru paka kwa miligramu 10 tu kwa kila kilo. Pigeni hesabu. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuisafisha dawa hii kama ini letu, kwa hiyo inageuka sumu inayoharibu chembe nyekundu, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Kuna dume nililetewa asubuhi moja, uso na nyayo vimevimba, anahema mdomo wazi. Nilipoinua mdomo wake wa juu, fizi zilikuwa na rangi ya chokoleti. Tone la damu nililoligusisha pamba lilikuwa la kahawia na halikubadilika kuwa jekundu. Mwenye paka alikuwa bado ameshika chupa ya maziwa, anamnywesha "kuua sumu". Paka hakufika saa nne akiwa hai.

Maziwa hayaui sumu! Hayaondoi parasetamo mwilini, hayaondoi sumu ya panya. Paka anayehema kwa shida ukimnywesha kwa nguvu, yanaingia mapafuni. Dawa ya kukabili parasetamo ipo, inaitwa asetilisisteini, lakini inataka mgonjwa afikishwe ndani ya saa chache, na saa hizo ndizo watu wanazozimalizia kwenye maziwa.

Halafu huo "mwili wa moto". Joto la paka mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo, letu ni 37, kwa hiyo kiganja chako kitamwona wa moto siku zote. Paka wako alikuwa na hofu, na Panadol haitibu hofu. Mkesha ukifika, dada amfungie mapema, kabla ya magharibi, kwenye chumba kilicho mbali na barabara, madirisha na mapazia yamefungwa, awe na maji, chakula, beseni la mchanga na boksi lenye kanga yako ambayo haijafuliwa. Akijificha, asimvute. Asimpe pilau, vitunguu vinaharibu damu ya paka, wala mifupa ya kuku. Akipitisha saa 24 hajala, aende kwa daktari wa mifugo, kwa hiyo mwachie namba ya simu na nauli.

Wanaonikera zaidi ni wauzaji wanaokata vidonge kwa kukisia na kusema "mpe kama mtoto mchanga". Paka si mtoto mchanga, na si mbwa mdogo pia. Sikukuu zikikaribia watu husafisha mifugo yao, na dawa ya kupe ya mbwa iliyobaki anapakwa paka. Nyingi zina pemethrini, ambayo mbwa anaistahimili na paka inamtia degedege. Kabla ya kumpaka chochote, soma kilichomo. Ukikuta ameshapakwa na anatetemeka, mwoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge kwenye taulo, mkimbize kwa daktari usiku huohuo.