Seva Tatu Bila Swichi ya Bei Kubwa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia kompyuta za chama cha akiba na mikopo mkoani Morogoro. Tumenunua seva tatu za mtumba, na nimekusudia kuziunganisha kwa Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe) na Ceph (programu ya kutunza data kwa pamoja kwenye diski za seva zote) ili mashine pepe zetu, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva, ziendelee kufanya kazi hata seva moja ikizimika. Kila seva ina diski nne za SSD na poti mbili za mtandao za gigabiti 1. Swichi ya gigabiti 10, yaani kifaa cha kuunganisha seva kwenye mtandao mmoja, imetushinda bei. Je, poti tulizo nazo zitatosha?

JIBU: Ndugu msomaji, mfumo utawaka na majaribio ya siku ya kwanza yatakupendeza, lakini sikushauri uweke daftari za wanachama juu ya mtandao huo. Poti ya gigabiti 1 hupitisha takriban megabaiti 115 kwa sekunde, ilhali diski moja tu ya SSD ya SATA husoma zaidi ya megabaiti 500. Isitoshe, kwa mpangilio wa kawaida Ceph hutunza nakala tatu za kila kipande cha data: seva inayopokea kipande hicho hulazimika kukituma kwa wenzake wawili, na haithibitishi kuwa kimeandikwa mpaka wote wawili wajibu. Poti ileile ikituma mara mbili, kasi ya kuandika hushuka chini ya megabaiti 60.

Shida kubwa zaidi hujitokeza siku diski inapokufa. Kurudisha nakala za terabaiti 1 kupitia gigabiti 1 huchukua zaidi ya saa mbili hata kama njia haina kazi nyingine, na wakati huo wahudumu wako wa dirishani wanasubiri. Kuunganisha poti mbili ziwe njia moja hakutibu tatizo, kwa sababu kila mazungumzo kati ya seva mbili bado hupita kwenye waya mmoja.

Habari njema ni kwamba kwa seva tatu huhitaji swichi hiyo hata kidogo. Tafuta kadi tatu za mtumba zenye poti mbili za gigabiti 10 za umbo liitwalo SFP+, kwa mfano Intel X520 au Mellanox ConnectX-3, pamoja na kebo tatu fupi za shaba za aina ya DAC. Unganisha seva ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, kisha ya tatu na ya kwanza. Kila seva itakuwa inazungumza na mwenzake ana kwa ana. Nyaraka za Proxmox zinaeleza mpangilio huu kwa namna kadhaa, na ninakusihi uchague ile inayoruhusu data kuzunguka kupitia seva ya tatu pale kebo moja inapokatika. Kabla ya kulipa, fungua seva zako uhakikishe zina nafasi ya PCIe ya kupokea kadi hizo. Ukija kuongeza seva ya nne, hapo swichi itakuwa haikwepeki, kwani mzunguko huo ungedai poti tatu kwa kila seva na kebo sita.

Poti zako za zamani zina kazi yake. Moja iwe ya watumiaji. Ya pili iachie Corosync peke yake, yaani ule ujumbe mdogo ambao seva hupeana ili kujua nani yu hai. Ujumbe huo hauhitaji upana wa njia, unahitaji kufika ndani ya milisekunde chache. Ukichanganywa na data ya Ceph, siku ya kurudisha nakala utachelewa, seva itajiona imekosa akidi (idadi ya wenzake inayotosha kuendelea na kazi), na kama umewasha huduma ya kuhamisha mashine pepe zenyewe, itajizima na kuwaka upya baada ya takriban dakika moja, ingawa haina kasoro yoyote. Weka pia poti ya watumiaji kuwa njia ya akiba ya Corosync.

Ukishafunga kebo, pima kila njia kwa programu ya iperf3 kabla ya kusakinisha Ceph. Njia isiyokaribia gigabiti 9 ichunguzwe kwanza.