Kikao cha kamati ni siri: niwaambie nini wanaoniuliza?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mhandisi wa programu. Mwajiri wangu amenipeleka kwenye kamati inayoandaa kiwango cha vifaa vya makampuni mbalimbali kubadilishana data. Siku ya kwanza mwenyekiti alitutangazia kwamba yote yanayosemwa humo ni siri. Sasa watengenezaji ambao kiwango hicho kitawabana wananiuliza tumefikia wapi, nami nabaki kujiumauma. Nikisema navunja ahadi. Nisiposema naona tunawaamulia watu mambo yao mafichoni. Nifanyeje?
– Mwanakamati Njia Panda

JIBU: Marahaba. Kwanza kabisa, usivujishe kitu. Rasimu ikitoka kwa mlango wa nyuma, wanaopenda siri watapata kisingizio cha kukaza kufuli, na wewe hutakuwepo kuwapinga.

Kisha mwendee mwenyekiti umuulize siri hiyo imeandikwa wapi na inahusu nini. Nimekaa kwenye kamati za kutosha kujua kwamba "yote ni siri" husemwa sana na watu wasiofungua kanuni zao wenyewe. W3C, wanaoandaa viwango vya wavuti, wana ngazi za usiri: ya umma, ya wanachama, na ya watumishi wa shirika. IETF, wa itifaki za intaneti, wameacha mlango wazi: yeyote mwenye barua pepe anaweza kushiriki, na kilichokubaliwa ukumbini huthibitishwa kwa barua pepe ambazo kila mtu anaweza kuzisoma.

Sisemi kila neno litoke nje. Mhandisi anayewaza kwa sauti anahitaji uhuru wa kutoa wazo bovu asubuhi na kulitupa kabla ya chakula cha mchana, bila kampuni yake kunukuliwa. Kwa hilo Kanuni ya Chatham House, iliyoanza mwaka 1927, inatosha: unaruhusiwa kutumia ulichosikia, huruhusiwi kutaja nani kasema wala anatoka wapi.

Rasimu yenyewe, pamoja na sababu za kuchagua hiki na kuacha kile, ni habari nyingine. Tazama TETRA, kiwango cha Ulaya cha redio za polisi na huduma za dharura. Algorithimu zake za kusimba mawasiliano, yaani kanuni za hesabu za kuyageuza yasisomeke na wasiohusika, zilifichwa tangu miaka ya 1990. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba mojawapo, TEA1, hupunguza ufunguo wa biti 80 hadi biti 32, kiasi kwamba kompyuta ya kawaida inauvunja kwa dakika chache. Mwaka huohuo ETSI, wenye kiwango hicho, waliamua kuzichapisha. Linganisha na AES, kiwango cha Marekani cha kusimba data: mashindano ya kukipata yalitangazwa mwaka 1997, algorithimu 15 zikawekwa hadharani wataalamu wa dunia nzima wazishambulie, na mshindi akatajwa mwaka 2000. Hadi leo tunakitumia.

Hata kumbukumbu za kikao huficha mambo. "Baada ya majadiliano marefu pendekezo halikupita" haimsaidii mtu. Andikeni: "Pendekezo limekataliwa kwa sababu vifaa vya zamani haviwezi kusoma sehemu ya pili ya ujumbe." Hapo hakuna aliyetajwa jina, na mtengenezaji aliye nje anaweza kuwajibu kwamba kifaa chake kinaisoma vizuri tu. Katibu akilalamika kuhusu kazi ya ziada, jitolee kumsaidia.

Jambo moja halistahili siri hata ndani ya chumba: hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake bila idhini. Kampuni ya Rambus walikaa kwenye kamati ya kumbukumbu za kompyuta ya JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya elektroniki, wakaondoka mwaka 1996, kisha wakawadai watengenezaji fedha za hataza. Tume ya biashara ya Marekani iliwatia hatiani mwaka 2006 kwa kuificha kamati hataza hizo; mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2008. Kanuni za kamati kuhusu kutangaza hataza hazikuwa wazi, na mawakili wakagombana miaka na miaka. Muulize mwajiri wako ana hataza gani zinazogusa kiwango hiki, tena kabla ya kikao kijacho.

Wanaokuuliza waambie kamati inashughulikia nini na rasimu ya kutolewa maoni inatarajiwa lini, mradi mwenyekiti ameridhia. Halafu wageuzie swali: vifaa vyao vinashindwa wapi? Majibu yao si siri ya kamati. Yaandike na uyapeleke mezani.