Limao, kanga na sufuria tupu: majibu kwa wazazi wa watoto wadogo

Maswali ya safari hii yote ni ya watoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu. Nimeyajibu kwa mpangilio nilioyapokea. Yale mafupi nimeyajibu kwa kifupi.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina binti wa miezi 14. Nauza genge Mbagala na nashinda naye hapo hapo. Jirani yangu amemnunulia wake midoli ya betri inayowaka taa na kusoma herufi, anasema inakuza akili. Mimi sina uwezo huo. Wangu atabaki nyuma?

Marahaba, mwanangu. Hatabaki nyuma, na nina sababu ya kulisema hilo bila wasiwasi.

Mwaka 1986 na 1987, katika mitaa ya watu wa kipato cha chini mjini Kingston, Jamaika, watafiti waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa jamii, saa moja kila wiki, kwa miaka miwili. Mhudumu alikuja na vitu vya kuchezea vya kutengeneza kwa mkono, akakaa chini na mama na mtoto, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, ili aendelee mwenyewe siku zilizobaki. Watoto wale walipofuatiliwa wakiwa na miaka 22, kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko cha wenzao waliodumaa kama wao lakini hawakupata michezo ile. Hapakuwa na taa wala betri. Palikuwa na mama aliyefundishwa kumjibu mtoto wake.

Mdoli wa jirani utasema "A" hata mtoto akiwa ameupa mgongo. Wewe binti yako akikunyooshea limao unamwambia, "Eeh, limao! Limao la nani? Mpe mama." Anakupa, unalipokea, unalinusa, unamrudishia. Hayo ni mazungumzo, ingawa yeye hajatamka neno. Na hapo gengeni una vitu ambavyo duka la midoli halina: nyanya laini, tangawizi yenye vidole, bilinganya linaloteleza, harufu ya kitunguu. Mtajie majina unapopanga mafungu, kwa sauti ile ile unayozungumza na wateja.

Kwa umri wake, kazi kubwa ni kutia na kutoa. Mpe sufuria mbili zinazoingiliana, na mfuniko wake. Mpe chupa ya maji yenye mdomo mpana na vibanio vya nguo vya kutumbukiza. Atavitia, atavimwaga, atavitia tena, na usimkatishe. Kisha ficha limao chini ya kanga mbele ya macho yake, umuulize limekwenda wapi. Jean Piaget, Mswisi aliyewachunguza watoto kwa miaka mingi wakiwemo wake mwenyewe, alieleza kwamba mtoto mchanga akifichiwa kitu hakitafuti, kana kwamba kimetoweka duniani; ni kuelekea miezi 8 au 9 ndipo anaanza kukifukua. Binti yako ameshapita hapo, kwa hiyo mwongezee ugumu: tumia vikombe viwili, limao lihamie cha pili huku anaona. Akifika miaka miwili atakusaidia kutenga malimao na nyanya kwenye ndoo mbili, na huo ndio mwanzo wa hesabu.

Jambo moja naomba ulishike kwa mikono miwili. Punje za maharage na mahindi, karanga, visoda, gololi na zile betri ndogo bapa za saa na rimoti zikae mbali naye. Vingine huziba koo, maharage akijitia puani hufura, na betri ile ikimezwa huunguza koo kwa ndani ndani ya saa chache. Ikitokea, ni hospitali mara moja. Chochote kinachopita kwenye kile kibomba cha boksi kilicho katikati ya karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Na ndoo yenye maji usiiache karibu naye, hata yakiwa ya kina cha vidole vinne.

Swali: Salaam alaikum. Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu anatupa kila kitu: kijiko, kikombe, hata simu yangu. Nikimwokotea anatupa tena huku ananitazama. Wazee wanasema ni utundu, nimchape kidogo akome. Baba, Kisauni, Mombasa.

Wa alaikum salaam, baba. Anakutazama kwa sababu na wewe umo katika jaribio lake. Anataka kujua kijiko kinalia vipi kikianguka, kikombe nacho je, na baba ataokota mara ngapi. Kwa miezi 18 hilo ni swali zito, na jibu lake hulipata kwa kurudia mara kumi, si mara moja. Ukimchapa atajifunza kwamba baba huumiza ghafla, na swali lake litabaki pale pale.

Mpe cha kutupa na mahali pa kutupia. Kunja soksi ziwe kama mpira, weka beseni hatua mbili mbele yake, mtupe kwa zamu: yeye, kisha wewe. Neno "zamu" lenyewe ni somo. Akitupa simu, ichukue bila kelele, mwambie, "Simu hatutupi, twende kwenye beseni," na umpeleke kweli. Chakula akianza kukitupa, mara nyingi ameshiba, ondoa sahani.

Swali: Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minane. Dada wa kazi humpa simu nikiwa kazini, anatazama katuni za nyimbo na anatulia kabisa. Anazicheza vizuri lakini hajatamka neno lolote, hata "mama". Wengine wananiambia wavulana huchelewa. Mama, Mwanza.

Mama, hapa kuna mambo mawili, na naanza na lililo la haraka. Mtoto wa miezi 20 asiye na neno hata moja apelekwe kliniki wiki hii, na uombe apimwe masikio. Wavulana wengine huchelewa kidogo, ni kweli, lakini kauli hiyo imewafanya wazazi wengi wakae mwaka mzima wakisubiri wakati mtoto hasikii vizuri kwa sababu ya maambukizi ya sikio yanayotibika. Kwamba anacheza muziki haitoshi kuthibitisha kwamba anasikia maneno sawasawa. Mweleze mhudumu pia kama hageuki ukimwita jina, au kama haonyeshi kitu kwa kidole. Ukiambiwa hakuna tatizo, utakuwa umepata utulivu.

La pili ni simu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili unasema isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mtoto wa umri huu hujifunza kidogo sana kutoka kwenye skrini akilinganishwa na kujifunza kitu kile kile kutoka kwa mtu aliye mbele yake. Katuni haimsubiri. Haioni kwamba amegeuka kumtazama paka, ili iseme, "Umemwona paka?" Kutulia kwake kunakopendeza ndizo saa ambazo hakuna anayemjibu.

Simlaumu dada. Amebaki peke yake na mtoto, jiko, nguo na deki, na simu ndiyo msaada aliopewa. Kwa hiyo usimpe amri tu. Kaa naye Jumamosi moja, mcheze wote watatu, na umpunguzie kazi nyingine kama unaweza. Mwonyeshe kwamba akipika, mtoto anaweza kukaa mbali na moto na sufuria tupu, mwiko na kawa. Akifua, mtoto apewe soksi yake "afue". Na aongee naye kila anachofanya: sasa tunasuuza, sasa tunakamua, maji yameisha! Kama dada ni Msukuma na Kisukuma ndicho kimejaa mdomoni mwake, aongee Kisukuma. Siku tatu au nne za mwanzo mtoto atalia akitafuta simu. Mvumilieni.

Swali: Nina mjukuu wa miaka miwili na nusu. Namsimulia hadithi na kumtegea vitendawili. Mkwe wangu anaona napoteza muda, anataka nimfundishe A, B, C na kuhesabu mpaka ishirini. Bibi, Korogwe.

Shikamoo, bibi. Endelea na hadithi zako, tafadhali. Ukisema "Paukwa" naye akakujibu "Pakawa", amejifunza kusikiliza, kungoja na kuingia kwa wakati wake. Hadithi ile ile akiitaka kila usiku, mpe. Siku utakayoruka kipande naye akakurekebisha, utajua anaikumbuka yote kwa mpangilio. Vitendawili vya wakubwa bado ni vigumu kwake. Mtegee vya umri wake: ana pembe, anasema mee, anakula majani yako ya muhogo. Nani?

Kuhusu kuhesabu, mwambie mkwe ajaribu hivi. Mtoto anayetaja moja mpaka kumi bila kukosea, aombwe alete viazi vitatu tu kutoka kwenye kapu. Wengi wa umri huu huchota vinavyojaa mikononi. Majina ya namba wanayo kama wimbo, lakini utatu wenyewe hawajaupata, na kwa kawaida huja kati ya miaka mitatu na minne. Njia ya kuufikia ni viazi vyenyewe: kimoja cha bibi, kimoja cha babu, kimoja chako. Herufi zitangoja. Hazina haraka yoyote.

Swali: Tunaishi Muscat. Nyumbani ni Kiswahili, nje Kiarabu, na kitalu anachokwenda kinatumia Kiingereza. Binti yangu wa miaka miwili anachanganya. Niache Kiswahili?

Usiache. Kuchanganya lugha ni kawaida kwa mtoto anayekua na zaidi ya moja, na hakumchelewishi kusema. Unapohesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote pamoja. Mwimbie, mchezee na umtanie kwa lugha inayokutoka bila kuitafuta.

Swali: Nafika nyumbani saa moja jioni, Nairobi, na mtoto analala saa mbili. Yaya ndiye anayecheza naye. Nifanye nini kwa hiyo saa moja?

Usitafute mchezo wa ziada. Mwogeshe wewe: kikombe kilichotobolewa chini, kikombe kizima, kipi kinabaki na maji? Kunja nguo naye akutafutie soksi pacha. Akivaa, mwache avute mkono wa fulana mwenyewe hata ikichukua dakika tano. Na muulize yaya alichokiona mchana, halafu umsimulie mtoto: "Kumbe leo umeona lori la taka!" Atakutazama kwa macho makubwa.

Swali: Kaka zake wakicheza kombolela, wangu wa miaka mitatu anafumba macho kwa viganja katikati ya uwanja na kuamini amejificha. Wanamcheka. Je, ana shida?

Hana. Kwa watoto wengi wa umri huo, kuonwa ni kukutana macho kwa macho. Kama yeye hakuoni, na wewe humwoni. Mwakani au mwaka utakaofuata atajificha nyuma ya pipa kama wenzake. Waambie kaka zake wasimcheke. Anayehesabu ampite mara mbili akiuliza kwa sauti, "Mdogo wetu yuko wapi jamani?" ndipo amkute.