Njooni na Simu Mbili

Wiki iliyopita kijana mmoja wa ofisini kwetu, hapa Michenzani, Zanzibar, alinionyesha programu ya simu aliyoitengeneza kwa siku tatu kutokana na tovuti ya jumuiya ya walimu wa skuli, bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Ilipendeza, nasema kweli: rangi zimekaa mahali pake, menyu imetulia chini ya skrini, na nembo haikutanuliwa ikawa kama imekanyagwa na daladala. Nikamuuliza ameingia kwa akaunti ya nani. Akajibu, kwa fahari, kwamba ameingia kwa akaunti ya msimamizi. Nikamuuliza ameijaribu kwenye simu ngapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ana vichwa vingapi. Hapo nikafahamu kwamba kosa langu la mwaka 2019 limepata mrithi, na ndiyo maana ninawaandikia ninyi vijana mnaogeuza tovuti za wanachama kuwa programu za simu.

Sitawafundisha kuunganisha plagini ya uanachama, yaani kiongezo cha tovuti kinachosajili wanachama, na jukwaa la kutengenezea programu, kwa sababu hayo mnayajua kuliko mimi, na kila mwezi linatoka jukwaa jipya ambalo ninyi mmeshalichezea kabla mimi sijasikia jina lake. Ninayoyataja ni yale ambayo jukwaa halikwambii.

Kwanza neno lenyewe. Ninyi husema “apu bila kodi”, na mimi nilisema hivyo hivyo mbele ya mshika fedha wa ushirika mmoja, mzee aliyestaafu serikalini. Alifurahi sana, akaandika katika daftari lake kwamba mradi umesamehewa kodi. Mimi nikimaanisha kodi za kompyuta, yaani msimbo, yeye akisikia kodi za serikali. Nilipomletea hesabu ya ada za maduka ya programu, dola 99 za Apple kila mwaka, dola 25 za Google za mara moja, na ada ya jukwaa ya kila mwezi, alivua miwani akaniuliza msamaha ule umekwenda wapi. Semeni “bila kuandika msimbo”, na gharama zitajeni siku ya kwanza.

1. Akaunti za maduka ya programu zifunguliwe kwa jina la jumuiya, na kwa barua pepe ya jumuiya, si kwa Gmail yako ya tangu skuli. Akaunti ya taasisi inadai namba ya D-U-N-S, namba ya kimataifa ya kuitambulisha taasisi, ambayo huchukua muda kupatikana, kwa hivyo iombwe mapema. Na kitambulisho cha programu, lile jina la pekee linalokaa ndani ya kiungo chake, kichaguliwe kwa utulivu, kwa sababu programu ikishawekwa Play Store hakibadiliki tena. Ipo programu yangu moja, inayotumiwa na watu wenye heshima zao, ambayo kitambulisho chake mpaka leo kina neno “majaribio2”, na kila anayenakili kiungo chake analiona.

2. Ukitumia akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, huruhusiwi kuiweka programu mbele ya umma mpaka uwe umeifanyia jaribio la faragha lenye watu wasiopungua 12, waliojiunga na kubaki ndani kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walikuwa 20, kwa hivyo shukuruni. Mwenzenu mmoja aliwaahidi wateja wake uzinduzi siku ya Jumamosi, akaigundua sharti hii siku ya Jumanne, akaanza kuwapigia simu binamu zake wote wa Jang’ombe.

3. Apple hukataa programu ambayo si chochote ila tovuti iliyovikwa ganda. Wekeni angalau arifa na kurasa zinazosomeka bila ya mtandao. Mwanachama anayeweza kujisajili ndani ya programu lazima aweze pia kuifuta akaunti yake humo humo. Na mhakiki apewe jina na nywila ya mwanachama wa mfano. Mimi niliwahi kumpa nywila sahihi kabisa, nikasahau kwamba baada ya nywila mfumo wetu unatuma tarakimu sita kwa ujumbe mfupi, wakati mhakiki wa watu yuko Marekani na hana laini ya Zanzibar. Programu ilirudishwa mara mbili, na mara zote mbili niliwalaumu wao.

4. Hili ndilo lililonifanya nikae kitako kuandika, na ndilo kosa langu la 2019.

Ushirika ule wa mzee wa daftari ulikuwa wa kuweka na kukopa, na wanachama wake wengi wako Pemba. Tovuti yao ilifanya kazi vizuri: mwanachama akiingia anaona michango yake, mkopo wake na majina ya wadhamini wake. Nilipowatengenezea programu, ilikuwa inazungumza na tovuti ile ile kwa njia ya API, yaani mlango ambao programu hupitia kuomba taarifa, ikijitambulisha kwa tokeni, alama ya siri ya kila mwanachama aliyeingia. Siku chache kabla ya mkutano mkuu, katika msimu wa karafuu ambapo watu wana fedha mkononi na kila mtu anataka kuangalia akiba yake, tovuti ikawa nzito. Nami, kwa busara ya mtu asiyeuliza, nikaingia kwenye mipangilio ya kashe, ile hifadhi ya muda inayoweka jibu la tovuti ili apewe na anayefuata bila kulitengeneza upya, nikachagua ihifadhi kila kitu kwa muda wa saa moja.

Mnaojua mmeshashika vichwa. Kashe ile ilimtambua mwanachama kwa kidakuzi, alama ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari: ikikiona, inajua kwamba huyu ameingia, inampisha. Programu ya simu haikuwa na kidakuzi, ilikuwa na tokeni, na tokeni kashe haikuitazama kabisa. Kwa macho yake kila aliyetoka kwenye programu alikuwa mgeni, na wageni wote hupewa jibu moja. Anwani ya “akaunti yangu” ilikuwa moja kwa wanachama wote. Mtu wa kwanza kuifungua asubuhi ile alikuwa mama mmoja wa Wete, jibu lake likahifadhiwa, na kila aliyefungua baada yake aliikuta akaunti ya mama yule: jina kamili, akiba yote, na wadhamini.

Katibu alinipigia simu akasema programu inamwonyesha jina la mtu mwingine. Nilifungua kompyuta yangu, nikaingia kwa kivinjari, kwa akaunti ya msimamizi, nikaona kila kitu kiko sawa. Nikamwambia, kwa sauti ile ya upole tunayoitumia tukiamini kwamba mtumiaji ndiye mwenye kasoro, aifute programu kisha aipakue upya. Akafanya hivyo, akaona jina lile lile. Nikamwambia azime simu aiwashe. Nilimsumbua mtu mzima kwa karibu dakika arubaini, na katika dakika hizo wanachama wengine walikuwa wanafungua, wanaona, wanapiga picha za skrini na kupelekeana. Nilipoazima simu ya mlinzi wetu, nikaingia kwa akaunti ya mwanachama wa kawaida, ndipo jina la yule mama liliponitokea mbele ya macho. Kuizima kashe kulinichukua chini ya dakika moja.

Ninyi mnazijua baraza zetu. Habari iliyofika barazani Wete kabla ya adhuhuri haikuwa habari ya kashe wala tokeni, bali tarakimu za akiba ya mama wa watu. Mwenyekiti alinitaka niende mwenyewe kuomba radhi, nami niliona ni haki. Nilipanda boti mpaka Mkoani, nikachukua gari mpaka Wete, na njia nzima nikajipangia maelezo ya kitaalamu. Nilimkuta ukumbini kwake, nikamwamkia, nikaanza kueleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitilia chai, kisha akasema, “Mwanangu, mimi hayo ya mashine siyajui. Shemeji zangu walikuja kunikopa mwezi uliopita, nikawaapia sina kitu. Sasa nitawatazama vipi?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo. Alikuwa akiweka kidogo kidogo ili aezeke nyumba, na aliwaficha watu wake kwa sababu anazozijua yeye. Alitoa fedha zake zote kabla mwezi haujaisha, na katika ushirika ule hakurudi. Hakunitukana, na laiti angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Kwa hivyo: kila jibu lenye taarifa za mwanachama litolewe na agizo la kutohifadhiwa kabisa, njia zote za API ziondolewe kwenye kashe, na kabla ya kumwonyesha mtu yeyote mchukue simu mbili, mwingize wanachama wawili wa kawaida, wa kwanza afungue akaunti yake, wa pili afungue yake mara baada ya hapo. Kisha mtoke, mbadilishane, mfungue tena. Akaunti ya msimamizi kwa kazi hii haina maana yoyote, kwa kuwa msimamizi huona vyote na kwa hivyo haoni kitu.

5. Arifa. Katibu akikwambia itumwe saa mbili asubuhi, usiandike 2:00. Nilidhani hili halihitaji kusemwa, mpaka simu za wanachama wote wa jumuiya moja zilipolia saa nane za usiku zikiwakumbusha ada, na bibi mmoja akadhani kuna msiba. Angalieni pia saa ya seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, kwa sababu seva nyingi hufuata saa ya kimataifa, nasi tumeitangulia kwa saa tatu.

6. Malipo. Uanachama unaouza vitu vya kusomwa au kutazamwa ndani ya programu, kwa kawaida, maduka hutaka ulipiwe kwa mfumo wao, nao mara nyingi hukata asilimia 15 au 30. Ada ya huduma inayotolewa nje ya simu, kama vile mafunzo ya ana kwa ana, hulipwa kwa njia zetu za kawaida. Lijueni hili kabla hamjapanga bei, si baada ya hapo. Mzee wa daftari nilipomweleza habari ya asilimia 30 alinijibu kwamba hiyo ndiyo kodi aliyokuwa akiniuliza tangu mwanzo.

Yule kijana wa Michenzani aliniletea ujumbe jana usiku. Alifanya nilivyomwambia, akaazima simu ya mama yake kuwa ndiyo ya pili, na programu haikufunguka kabisa, kwa kuwa simu ile ina Android ya zamani na nafasi yote imejaa picha za harusi. Aliniuliza aazime simu nyingine iliyo bora. Nimemwambia aendelee na hiyo hiyo, na kwamba mama yake nitamwomba radhi mimi.