Nikikubali kosa, yataisha?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Niligongana na bodaboda Mbagala, abiria wake akavunjika mguu. Jumatatu nasomewa shtaka la kuendesha kwa hatari na kusababisha majeraha. Kuna jamaa pale mahakamani anasema nikubali, nilipe faini yaishe, kwamba makosa ya trafiki hayana rekodi. Lakini bodaboda alikata kona bila kuwasha indiketa. Nifanyeje?

JIBU: Huyo jamaa usimpe hata ya soda. Anachanganya kesi yako na ile faini ya 30,000 unayoandikiwa barabarani, ukalipa kwa simu na safari ikaendelea. Ile haikufikishi kwa hakimu. Wewe una hati ya mashtaka. Ukikubali unatiwa hatiani kama mshtakiwa mwingine yeyote, na hakimu anaweza kukufunga au kukufungia leseni. Faini haipangwi na mtu wa getini.

Kinachonichosha hasa ni hilo neno "yaishe". Kwenye ajali yenye majeruhi, kukubali ndiko kunakoanzisha kesi ya pili. Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho, ni uthibitisho kamili kwamba kosa ulilitenda. Abiria akija kudai fidia, hahangaiki tena kuthibitisha uendeshaji wako, umeshamthibitishia mwenyewe. Halafu bima: mikataba mingi inakukataza kukiri lawama bila idhini ya kampuni. Umewaarifu?

Na usitegemee rufaa. Aliyekiri kosa hawezi kupinga kutiwa hatiani, ila adhabu tu. Kesi ya Laurence Mpinga ya mwaka 1983 iliacha mianya, mfano aliyekiri kwa kutoelewa au kwa maneno yenye utata, lakini ni myembamba.

Jumatatu, kama shtaka si kweli, sema si kweli. Hata hofu ikikuponyoka ukasema "ni kweli", bado mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya tukio na hakimu atakuuliza kama ni sahihi. Hapo taja indiketa. Hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana. Nawaona watu wakiitikia "ndiyo mheshimiwa" kwa maelezo ambayo hawakuyasikiliza, macho yote kwa kishoka, yaani wakili feki kama huyo jamaa yako, aliyekaa benchi la nyuma na bahasha yake ya kaki, anawatikisia kichwa. Kosa lako lina dhamana, na dhamana haiuzwi: nenda na mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Kisha omba nakala ya mchoro wa ajali na ripoti ya ukaguzi wa vyombo vyote viwili.

Vishoka hawa hawaishii kwenye trafiki. Kijana kapigana baa, anaambiwa akiri shambulio la kawaida ili alale kwake. Analala kwake kweli. Siku anapata kazi ya udereva Uarabuni, anatakiwa cheti cha polisi cha kuonyesha kama ana rekodi ya jinai, anachukuliwa alama za vidole, ndipo anakuja ofisini kwangu kuuliza kama "inafutika". Kishoka aliyemshauri hapokei simu.

Kama ada ya wakili ni nzito, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Tafuta mtoa huduma aliyesajiliwa. Na anayejiita wakili mwombe majina kamili, uyatafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujatoa hela. Akisema hayaonekani kwa sababu mtandao unasumbua, ondoka.