Bunduki ya shabaha na bunduki ya nyati: majibu kwa wasomaji

Maswali ya mwezi huu yamefika kwetu Lubumbashi kutoka Likasi, Kolwezi, Kipushi na mitaa ya mjini, na karibu yote yanahusu uchaguzi wa bunduki.

Nataka kununua bunduki moja tu, nipige shabaha za mita 800 na pia niwindie nyati. Nichague ipi? (Msomaji wa Likasi)

Ndugu yangu, kazi hizo mbili zinavutana. Bunduki ya shabaha za mbali hufanywa nzito kwa makusudi, kilo sita au saba, na mtutu wake huwa mnene ili usiyumbishwe upesi na joto la risasi zinazofuatana, kwa kuwa mpigaji hulala kifudifudi, huiegemeza kwenye vijiguu vyake viwili, na asubuhi moja huweza kupiga risasi hamsini. Mwindaji wa nyati hutembea nayo tangu alfajiri katika miombo na pengine hupiga mara moja tu, au hapigi kabisa. Yake inapaswa kuwa na kilo nne na kitu, ipande begani bila kutafutwa, na komeo lake litoe ganda bila kukwama hata likiwa na vumbi.

Usahihi nao haupimwi kwa mizani moja. Mpiga shabaha hudai risasi tano zitue ndani ya sentimita 3 kwa mita 100, akijua kwamba mtawanyiko huo, hata bila upepo, utakuwa sentimita 24 kwa mita 800. Nyati hupigwa kwa kawaida akiwa ndani ya mita 100, mara nyingi karibu zaidi ya hapo, na eneo la moyo na mapafu yake si dogo kuliko sahani ya bukari. Anayejisifu kwamba atampiga nyati kwa mita 400 anajisifia jambo la aibu, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani, na anayetumwa kumfuata huko ni mfuatiliaji nyayo, ambaye hakupiga risasi yoyote.

Kaliba (yaani kipimo cha risasi na mtutu) ya .300 Winchester Magnum, iliyotoka mwaka 1963, hujaribu kuunganisha pande hizo: inafika mbali na inamwangusha pofu vizuri, lakini kwa nyati haitoshi. Kwa hiyo nunua bunduki ya kazi utakayoifanya mara nyingi. Ukiona kwamba utawinda juma moja kwa mwaka na kupiga shabaha kila mwezi, nunua ya shabaha. Waandaaji wengi wa safari za uwindaji huazimisha au hukodisha bunduki kubwa.

Kibali cha bunduki kinatosha kuwindia? (Msomaji wa Kampemba)

Hakitoshi. Silaha na risasi zinatawaliwa na amri-sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji una sheria yake ya tarehe 28 Mei 1982, inayodai kibali cha pekee. Ndani ya mbuga za Upemba na Kundelungu hakuna kuwinda. Shughulikia karatasi kabla ya kulipa bei ya bunduki.

Kwa shabaha peke yake, .308 Winchester au 6.5 Creedmoor? (Msomaji wa Kolwezi)

Ya kwanza ni ya mwaka 1952, ya pili ilitangazwa na kampuni ya Hornady mwaka 2007 kwa ajili ya shabaha hasa. Risasi ya 6.5 ni nyembamba na ndefu, hukata hewa vizuri zaidi, hivyo upepo huisukuma kidogo na teke lake begani ni dogo. Lakini mtutu wa .308 huchakaa polepole zaidi. Mimi ningemshauri anayeanza achukue ile ambayo risasi zake atazipata kwa njia halali na kwa wingi, kwa maana risasi mia tatu za mazoezi zitamfundisha zaidi kuliko tofauti ya kaliba.

Tunasikia Mwingereza Bell aliua tembo mamia kwa bunduki ndogo. Kwa nini basi mnasisitiza kaliba kubwa ya .375 kwa nyati? (Msomaji wa Kipushi)

Habari hiyo ni ya kweli, ila Bell alikuwa Mskoti. Walter Bell aliwinda Karamoja, huko Uganda, na pia eneo la Lado lililokuwa mikononi mwa Leopold II, na wengi wa tembo wake aliwapiga kwa Mauser ya milimita 7. Kinachosahaulika ni kwamba alipasua mafuvu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila upande, alitumia risasi ngumu zisizobonyea, na alikuwa na shabaha ya ajabu. Leo tembo analindwa kikamilifu katika nchi yetu, kwa hiyo tubaki kwa nyati.

Kaliba ya .375 Holland & Holland, ya mwaka 1912, hurusha risasi ya gramu 19 kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde, na katika nchi kadhaa za Afrika sheria imeiweka kuwa ya chini kabisa kwa wanyama hatari. Mtu wa kawaida anaweza kulizoea teke lake. Wengi wanaokimbilia .458, iliyo kubwa zaidi, huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na nyati hupigwa tumboni.

Bunduki yangu ya .308 ilirekebishiwa shabaha Durban. Hapa, kwa mita 800, inapiga juu. Imeharibika? (Msomaji wa mjini)

Haijaharibika. Durban iko ufukweni, nasi tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Risasi hupoteza mwendo polepole zaidi na kushuka kidogo zaidi. Kwa umbali huo tofauti hupita nusu mita. Kwa mita 100 usingeona kitu. Anza upya hapa, asubuhi kabla upepo wa kiangazi haujaamka, na uandike kila umbali kwenye daftari, pamoja na joto la siku hiyo.